Kwa Nini Kuchua Hutuliza Taya Linalouma

Katika saa 24 za siku, meno ya juu na ya chini ya mtu mzima mwenye afya hugusana kwa muda ambao ukijumlishwa wote ni kama dakika 20 tu. Kutafuna, kumeza chakula, kumeza mate: yote hayo ni miguso ya kupita. Muda uliobaki midomo inaweza kuwa imefumbwa, lakini ndani meno yameachana kwa nafasi ya milimita mbili hadi nne, na taya la chini limetulia kwenye misuli iliyolegea. Chunguza meno yako sasa hivi unaposoma. Kama yamegusana, misuli ya taya lako inafanya kazi ambayo hakuna aliyeituma, na makala hii inakuhusu.

Maumivu ya taya yameenea kuliko wengi wanavyodhani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu watano hadi 12 katika kila 100, wanawake wakiwa takriban mara mbili ya wanaume, na wengi wao wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Mgonjwa wa namna hii huzunguka sana. Daktari wa masikio anamwambia sikio ni zima. Gego linang'olewa na maumivu yanabaki palepale. Vidonge vya kichwa vinamezwa miezi na miezi. Kisha siku moja mtu anamchua mashavu na panja kwa utulivu, na anapata nafuu ambayo hakuipata kwingine kote. Mkono ule umefanya nini? Majibu mengi yanayotolewa si ya kweli, na majibu yasiyo ya kweli huzaa matibabu ya kuumiza. Kwa hiyo tuanze na jinsi taya lilivyojengwa, tusonge hatua kwa hatua mpaka tuufikie mkono.

Weka ncha za vidole vya shahada mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua kinywa polepole. Mwanzoni utahisi kitu kinazunguka palepale. Endelea kufungua, na kitu hicho kitatoka mahali pake, kitateleza kwenda mbele na kushuka, na vidole vyako vitabaki juu ya kishimo. Hicho ndicho kichwa cha mfupa wa taya la chini. Kila upande una chake, nacho kimekaa katika kibonde cha mfupa wa fuvu. Milimita 20 hadi 25 za kwanza za kufungua kinywa hutokana na kuzunguka karibu peke yake. Zinazofuata, hadi 40 au 50 kwa mtu mzima, hupatikana kwa sababu kichwa hicho kinahama kibondeni na kuteleza juu ya kilima kidogo cha mfupa kilicho mbele yake. Viungo vichache sana vya mwili huhama hivyo mara mamia kwa siku na kurudi salama.

Safari hiyo inawezekana kwa sababu kati ya mifupa miwili kimelala kisahani cha tishu ngumu yenye nyuzinyuzi, chembamba katikati na kinene pembezoni, ambacho husafiri pamoja na kichwa cha taya. Sehemu yake ya katikati haina mishipa ya damu wala neva. Hapo ndipo mzigo unapopita, na tishu yenye neva isingevumilia kubanwa namna hiyo kila mlo. Lakini nyuma ya kisahani, kuelekea sikioni, kuna tishu laini iliyojaa damu na neva. Kisahani kikiteleza mbele kuliko kawaida, tishu hiyo ndiyo inayobaki chini ya mfupa.

Tena viungo hivi viwili, cha kulia na cha kushoto, vinashikwa na mfupa mmoja. Kimoja hakiwezi kusogea bila mwenzake kusogea. Mtu mwenye maumivu upande wa kulia anaweza kuwa na tatizo la pande zote mbili, hata kama upande wa kushoto haujalalamika bado.

Sasa misuli. Kaza meno huku viganja viko mashavuni: ule uvimbe unaojitokeza kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya ni msuli wa masita. Peleka vidole kwenye panja, juu ya sikio kando ya jicho, kaza tena: unaojitutumua pale ni temporali, msuli mpana uliotandaa ubavuni mwa fuvu na kujikusanya kushuka hadi kwenye taya. Upande wa ndani wa taya, mkabala na masita, kuna terigoidi ya ndani. Hiyo mitatu hufunga kinywa. Terigoidi ya nje, fupi na iliyojificha, huvuta kichwa cha taya na kisahani kwenda mbele. Misuli midogo ya chini ya kidevu, ikisaidiwa na uzito wa taya lenyewe, hufungua. Tazama basi jinsi mgawanyo ulivyo: misuli mikubwa yote ni ya kufunga. Kufungua hakuhitaji nguvu nyingi.

Ukishika kaa la moto kwa koleo, maungio ya koleo yako mwisho mmoja, kaa liko mwisho wa pili, na vidole vyako vinabana katikati. Taya limepangwa vivyo hivyo: maungio ni kiungo kilicho mbele ya sikio, kaa ni chakula, vidole ni misuli. Kwa mpangilio huo, nguvu inayofika kwenye chakula lazima iwe ndogo kuliko nguvu ya misuli, na ile inayopungua haipotei. Inabebwa na kiungo. Mtu mzima anaweza kuuma kwa magego kwa nguvu ya nyutoni 500 hadi 700, sawa na uzito wa kilo 50 hadi 70. Ukiijua hesabu ya wenzo utajua kwamba kiungo nacho kinabeba sehemu yake. Wapo wataalamu waliowahi kubisha na kusema kiungo cha taya hakibebi kitu. Mmarekani William Hylander alibandika vipimo vya mkazo kwenye mfupa ulio chini ya kiungo cha nyani wa jamii ya makaki, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1979 yalionyesha wazi kwamba kinabeba.

Kuna mambo mawili yanayotokana na hesabu hiyo ambayo kila mgonjwa wa taya anapaswa kuyajua. La kwanza, kwa nguvu ileile ya misuli, kuuma kwa meno ya mbele hukibebesha kiungo zaidi kuliko kutafuna kwa magego, kwa kuwa meno ya mbele yako mbali zaidi na misuli. Kuumega muwa au hindi la kuchoma kwa meno ya mbele ni kazi nzito sana kwa kiungo kilichovimba. La pili huwashangaza watu: ukitafuna upande wa kulia, kiungo kinachobeba zaidi ni cha kushoto. Upande wa kulia chakula chenyewe kinachukua sehemu kubwa ya nguvu. Nguvu ya misuli ya kushoto haina chakula cha kuisimamisha, inaegemea kiungoni. Mwenye kiungo kibovu upande wa kushoto anayetafunia kulia akidhani anakipumzisha, anakibebesha. Akate chakula vipande vidogo, atafune pande zote mbili.

Lakini kwa wagonjwa walio wengi kinachouma hasa si kiungo. Ni misuli. Msuli hupata oksijeni na chakula kwa damu inayopita katika mishipa midogo mno iliyomo ndani yake. Ukijikaza, mishipa hiyo hubanwa. Ukilegea, damu hurudi. Kutafuna ni kukaza na kulegeza kwa zamu, ndiyo maana mtu hula nyama choma nusu saa bila kuumwa. Kubana meno ni jambo jingine. Hata kubana kwa nguvu ndogo, kukiendelea saa kwa saa mbele ya kompyuta, kwenye usukani wa daladala au katika chumba cha mtihani, kunainyima misuli zamu yake ya kupumzika. Tindikali na kemikali kama bradikinini na prostaglandini hujikusanya kuzunguka miisho ya neva za maumivu, na kemikali hizo zina tabia moja mbaya: zinaishusha ngazi ambapo neva huanza kupiga kelele. Baada ya hapo hata mguso wa kawaida unauma.

Kutoka Meru hadi Mogadishu na ng'ambo huko Yemeni, mtafunaji wa miraa naye huinyima misuli yake pumziko: huweka kitonge shavuni, mara nyingi upande mmoja, na kukishughulikia kwa saa kadhaa. Hapo msuli una mizigo miwili: kazi yenyewe ya kutafuna, na kathinoni iliyomo kwenye majani, kichocheo cha jamii ya amfetamini, na vichocheo vya jamii hiyo vinajulikana kwa kukaza taya. Kumchua mtu huyu mashavu asubuhi huku jioni akirudi kwenye kitonge ni kuteka maji kwa tenga.

Kusaga meno usingizini ni habari nyingine tena. Wazazi wengi kwetu wakimsikia mtoto anasaga meno usiku husema ni minyoo, ingawa ushahidi wa kuunga mkono jambo hilo ni dhaifu. Vipimo vya usingizini vinaonyesha kwamba kabla ya taya kuanza kusaga, ubongo huwa umeamka kwa sekunde chache bila mtu kujua, na moyo umekwisha kuongeza mapigo. Amri inatoka ubongoni. Kwa hiyo kuchua kabla ya kulala hakuzuii kusaga meno. Kunaweza tu kutuliza misuli iliyochoka.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba msuli unaouma umejikaza, kujikaza kunaleta maumivu, na maumivu yanakaza zaidi, duara lisilo na mwisho. Vipimo vya umeme wa misuli havikukubaliana na mafundisho hayo. Mwaka 1991 James Lund na wenzake walikusanya ushahidi na kuonyesha kitu kingine: maumivu huupunguzia msuli nguvu. Mtu mwenye taya bovu hutafuna kwa unyonge, hufungua kinywa nusu, huogopa kupiga miayo. Mwili unajilinda. Ulinzi huo unafaa kwa siku chache, ukizidi unakuwa tatizo lenyewe, kwa sababu kiungo kisichosogezwa hukakamaa na msuli usionyooshwa hufupika. Ndiyo maana mtu anaweza kubaki na kinywa kidogo miezi mingi baada ya kilichomwumiza kupona.

Na mbona mtu huumwa sikio ilhali sikio ni zima? Hisia za uso, meno, misuli ya kutafuna na ngozi ya mbele ya sikio hupitia neva moja kubwa, ile ya tano kati ya neva za kichwa, iitwayo trijemina. Neva hiyo inapoingia shina la ubongo, nyuzi nyingi kutoka sehemu mbalimbali huishia kwenye seli zilezile chache, na neva za juu ya shingo nazo huishia jirani hapo hapo. Ubongo ukipokea kelele kutoka kwenye seli hizo hauna njia ya hakika ya kujua imetoka kwenye msuli au kwenye jino. Masita iliyochoka inaweza kuumiza magego ya chini. Temporali inaweza kuumiza meno ya juu na kuleta maumivu ya kichwa ambayo watu huyaita kipanda uso. Jambo hili linanigusa kwa sababu ya meno mazima yanayong'olewa. Kabla ya kukubali koleo la daktari, omba jino lipigwe picha, ligongwegongwe, lijaribiwe kwa baridi. Kisha bonyeza mwenyewe masita kwa kidole, kwa sekunde tano hadi kumi. Kama maumivu yaleyale unayoyajua yanaamka kwa kubonyeza msuli, na jino halionyeshi kasoro, jino hilo lina haki ya kuachwa.

Sasa tunaweza kuuliza mkono unafanya nini, na njia rahisi ni kuanza na usichofanya. Hauondoi sumu. Ile tindikali ya laktiki inayotajwa sana huondolewa na mwili wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kazi, mkono uwepo usiwepo. Haufungui mafundo kwa kuyapasua. Hakuna nyuzi zilizofungana zinazoweza kukatwa kwa kidole gumba bila kuleta jeraha. Wala haurudishi kisahani mahali pake, kwa sababu kisahani kiko chini ya mfupa, ambako kidole hakifiki.

Ipo hali moja tu ambayo mkono hurudisha mfupa: taya lililochomoka. Mtu anapiga miayo mipana, kichwa cha taya kinavuka kilima cha mfupa, na kinywa kinabaki wazi hakifungiki. Mafunjo ya Misri yaitwayo ya Edwin Smith, yaliyoandikwa karibu na mwaka 1600 kabla ya Kristo, yanaeleza tiba yake: vidole gumba ndani ya kinywa, vidole vingine chini ya kidevu, taya lirudishwe. Hata leo tabibu husukuma chini kwanza, kisha nyuma. Hiyo ni kazi ya hospitali, na haihusiani na maumivu tunayoyazungumzia.

Kazi ya kweli ya mkono kwa sehemu kubwa iko kwenye neva. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba habari za maumivu hazipandi ubongoni moja kwa moja. Zinapita kwenye lango, na neva nene zinazobeba mguso na mgandamizo zinaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi. Mengi katika nadharia hiyo yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimesimama: mguso hupunguza maumivu. Kwa uso, lango liko katika shina la ubongo, mle mle ambamo trijemina inaishia. Baadaye watafiti wa Uswidi, akiwemo Håkan Olausson, walieleza neva nyembamba za ngozi ambazo huitikia zaidi mpapaso wa polepole, sentimita moja hadi kumi kwa sekunde, na ambazo habari zake huenda kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za utulivu. Mpapaso wa haraka hauziamshi vizuri, wala wa polepole mno. Bibi anayempaka mjukuu mafuta usoni kwa mwendo wake wa kawaida yumo ndani ya kipimo hicho bila kupima chochote.

Kutoka juu nako kuna msaada. Ubongo wenyewe una njia za kushusha amri ya kupunguza maumivu, na njia hizo hufunguka mtu anapojihisi salama. Wako watakaosema basi kuchua ni mambo ya akilini tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Neva ni mwili. Hofu hupandisha maumivu kwa kemikali na umeme, na utulivu huyashusha kwa kemikali na umeme uleule. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao OPPERA, uliofuatilia watu zaidi ya 2,700 ambao mwanzoni hawakuwa na tatizo, ulikuta karibu wanne katika kila 100 wakipata maumivu ya taya kila mwaka, na msongo wa mawazo ulikuwa miongoni mwa viashiria vya nani atayapata. Jinsi meno yanavyokutana haina uzito ambao watu wameipa.

Mwisho, mkono hurudisha mwendo. Lango likifungwa kidogo na ulinzi ukilegea, mtu anathubutu kufungua kinywa milimita chache zaidi ya jana. Hapo ndipo tiba yenyewe inapoingia. Kuchua bila mazoezi ya kufungua kinywa huleta nafuu ya saa chache. Kuchua kunakofuatwa na mazoezi hubadili kiungo. Mwaka 2023 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mwongozo wa maumivu sugu ya taya uliotokana na kulinganisha majaribio mengi, na miongoni mwa tiba ulizozipendekeza kwa nguvu ni kusogezwa taya na mtaalamu, kubonyeza sehemu za misuli zenye maumivu, mazoezi ya taya yanayosimamiwa, na mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili mawazo na tabia. Vifaa vya plastiki vya kuvaa kwenye meno, ambavyo wengi huuziwa kwa bei kubwa, mwongozo huo haukuvipendelea kwa maumivu sugu, ingawa vinaweza kuyakinga meno yasilike.

Kabla ya kugusa, kuna ambao hawapaswi kuchuliwa. Taya linalokaza siku chache au wiki chache baada ya jeraha, hasa kwa mtu asiyechanjwa, linaweza kuwa pepopunda. Nenda hospitali saa ileile. Mtu aliyepita miaka 50 anayepata maumivu mapya ya panja, taya linalochoka anapotafuna, na macho kuona ukungu, anaweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani unaopofusha. Huyo naye ni wa dharura. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua, jasho au kukata pumzi ni ya moyo hadi ithibitike vinginevyo. Homa, shavu lililovimba na kuwa la moto, usaha, matubwitubwi, kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki tatu, ganzi ya uso, taya lililopigwa: hakuna hata kimoja kati ya hivyo cha kuchuliwa.

Waliobaki wanaweza kuanza nyumbani. Loweka kitambaa katika maji moto yasiyounguza, kamua, weka shavuni dakika kumi. Keti ukiwa umeegemea, mabega yameshuka. Ncha ya ulimi iguse kaakaa nyuma ya meno ya mbele, midomo ikutane, meno yaachane. Ukishindwa kuyaachanisha usiendelee; hakuna faida ya kuchua msuli ambao bado unabana. Tumia tone la mafuta ya nazi kama ngozi ni kavu. Weka ncha za vidole vitatu chini ya mfupa wa shavu, zamisha polepole hadi uhisi uzito wa msuli, subiri. Usisugue kwanza. Baada ya pumzi tatu nne utahisi msuli unapokea. Ndipo uanze miduara midogo, au mvuto mmoja mrefu wa polepole kushuka hadi pembe ya taya. Upe kila upande dakika mbili au tatu, hata upande usiouma. Kisha panja: viganja vitandae juu ya temporali yote, kuanzia kando ya jicho hadi juu na nyuma ya sikio, kwa mwendo uleule.

Suala la nguvu ndilo linaloharibu kazi za wengi. Maumivu yakizidi yale unayoweza kuyapumulia kwa utulivu, umepita mpaka, kwa sababu neva zilizokwisha kushushwa ngazi zinaongezewa sababu ya kupiga kelele. Mchuaji anayejivunia kumliza mteja anamwongezea siku za maumivu. Usibonyeze nyuma ya pembe ya taya chini ya sikio, ambako neva ya uso inapita, wala shingoni mbele ambako mshipa mkubwa wa damu unapiga. Misuli ya nyuma ya shingo na ya mabegani ichuliwe bila wasiwasi. Tumeona kwamba neva za shingo na za uso zinakutana mahali pamoja.

Masita ina sehemu ya ndani ambayo kidole cha nje hakiifikii vizuri. Mtaalamu wa tiba ya viungo huvaa glovu, huingiza kidole gumba ndani ya shavu na kuushika msuli kati ya gumba na vidole vya nje. Unaweza kujifanyia kama mikono imeoshwa na kucha zimekatwa. Wapo wanaodai kuichua terigoidi ya nje kwa kidole kilichosukumwa nyuma kabisa ya gego la mwisho la juu. Pale ni finyu mno, msuli uko ndani mno, na kinachobonyezwa kwa kawaida ni tishu nyingine. Kataa.

Baada ya kuchua, zoezi. Ulimi ukiwa bado kaakaani, fungua kinywa hadi ulimi unapotaka kubanduka, kisha funga. Mara sita hadi kumi. Ulimi unaizuia safari ya kuteleza, kiungo kinazunguka tu, nayo ndiyo kazi nyepesi ya kuanzia. Siku zinavyokwenda achia ulimi na ufungue zaidi mbele ya kioo, ukihakikisha kidevu kinashuka wima. Fanya hivyo asubuhi na jioni.

Na ule mlio wa "ka"? Kisahani kimetangulia mbele. Kichwa cha taya kikiteleza kinaruka ukingo wake wa nyuma na kuingia chini yake, na mlio unasikika. Picha za sumaku za watu wasio na malalamiko yoyote zimeonyesha kwamba karibu theluthi yao wana kisahani kilichohama. Mlio usiouma hauhitaji tiba. Ukiisha ghafla na kinywa kikakataa kufunguka, kisahani kimeziba njia. Hata hapo mambo si mabaya kama yanavyotisha. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Kurita walifuatilia wagonjwa wa namna hiyo bila kuwatibu, na mwaka 1998 wakaripoti kwamba baada ya miaka miwili na nusu karibu 40 kwa 100 hawakuwa na dalili, na theluthi nyingine walikuwa wamepata nafuu. Ile tishu laini ya nyuma ya kisahani inaweza kukomaa na kuwa ngumu, ikabeba mzigo.

Nasisitiza hili kwa sababu kiungo hiki kimeumizwa sana na tiba za haraka. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo wa St. Louis, aliandika kwamba kupoteza magego kunafanya taya ligandamize neva na kuleta maumivu ya sikio. Wanaanatomia walionyesha baadaye kwamba mgandamizo huo hauwezekani, lakini wazo la kwamba meno ndiyo chanzo lilikuwa limekwisha kuota mizizi, na meno mazima yakasagwa na kuinuliwa kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 huko Marekani visahani vilitolewa na kuwekwa vya bandia vyenye Teflon. Vilimeng'enyeka ndani ya kiungo, mwili ukavishambulia, mfupa ukaliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya huko ikaviondoa. Wengi wa waliowekewa wamebaki na maumivu makubwa kuliko yale yaliyowapeleka kwa daktari.

Pima maendeleo yako kwa vidole vyako mwenyewe: vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele ni kinywa cha kawaida, viwili ni kinywa kisichofunguka vya kutosha. Pima mara moja kwa wiki, andika, na uandike pia maumivu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi. Nafuu ya misuli huonekana polepole, kwa wiki. Kama baada ya wiki sita za kuchua na mazoezi ya kila siku hakuna kilichobadilika, nenda kwa daktari wa meno au mtaalamu wa tiba ya viungo na daftari lako mkononi, umweleze ulichofanya. Akikuambia tuanze kwa kusaga meno ili yakutane vizuri zaidi, au kwa kupasua, omba maoni ya daktari wa pili kabla chochote kisichorudi hakijafanywa.